Macho ya Miguu ya Theresia

Katika kitabu cha mihtasari cha kijiji chetu, kwenye ukurasa wenye doa la chai, pameandikwa hivi: "Theresia mke wa Alute amefariki hospitali kwa kutojali usafi wa miguu. Familia imeonywa."

Nimeusoma mstari huo mwenyewe, sikuhadithiwa. Mwalimu wa kisomo alikuwa amechelewa. Sisi wazee tumekaa ndani ya ofisi mpya ya kijiji tunamngoja, na kitabu kimeachwa wazi mezani kama nyumba isiyo na mwenyewe. Nikaanza kukokota kidole juu ya mistari kama tulivyofundishwa. Kwa ku-to-ja-li. Nikarudia. U-sa-fi wa mi-gu-u. Kama wasingenifundisha kusoma uzeeni nisingejua kwamba nimetukanwa, na marehemu wangu ametukanwa kaburini.

Kutojali! Haya. Na mimi nina daftari langu, na penseli niliyopewa na kisomo hichohicho. Nitaandika mimi.

Ugonjwa wenyewe tuliujua kwa sisimizi. Wakati huo tulikuwa bado tunakaa kwetu kwa zamani, kabla ya kuhamishwa. Theresia alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, mtungi unaisha kabla jua halijasimama, na kila saa yuko nje. Asubuhi moja nikaona sisimizi wamejipanga mstari mpaka nyuma ya nyumba, pale anapokwenda haja ndogo. Mama yangu alitwambia tangu utoto kwamba mkojo unaofuatwa na sisimizi una maradhi. Nikampeleka hospitali ya misheni.

Huko tulipokelewa na muuguzi mmoja mtawa, Sista Redempta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Alichukua mkojo akauchemsha ndani ya kichupa pamoja na dawa ya bluu. Ile bluu ikawa kijani, ikawa njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali lililoiva.

"Kisukari," akasema. Kisha akamwambia Theresia afumbe macho, akachukua unyoya wa kuku akawa anampitishia kwenye unyayo. "Nimekugusa wapi, mama?"

"Bado hujanigusa, Sista. Nangoja."

Na alikuwa anamgusa muda wote! Mimi ninayeangalia ndiye niliyesisimka mwili.

Sista akauweka unyoya chini, akanigeukia mimi. "Sikia, mzee. Ugonjwa huu unakula hisia za miguu. Mkeo anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Maumivu ni mlinzi, na mlinzi wa mkeo amelala. Kuanzia leo mlinzi ni wewe. Macho yako ndiyo macho ya miguu yake."

Akaeleza mengi, na mimi siku hizo sijui kuandika hata jina. Nikaomba kamba. Kila neno alilosema nikalipigia fundo. Aoshe miguu kila siku kwa maji ya vuguvugu, na maji ayajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu. Fundo. Akaushe vizuri katikati ya vidole. Fundo. Apake mafuta unyayo na kisigino pasipasuke, ila katikati ya vidole asipake. Fundo. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Asiote moto miguu hata kipupwe kikaze vipi. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa, na peku asitembee kabisa, hata kwenda chooni. Na fundo la saba, kubwa kuliko yote, nililipiga mara mbili: kila jioni, jua halijazama, mume ashike miguu aiangalie juu, chini na kati.

"Mwanaume amshike mke miguu?" nikauliza.

"Unaona aibu?"

"Hapana, Sista. Nauliza tu."

Nilikuwa naona aibu. Kwetu mwanaume anashika mguu wa ng'ombe, wa mbuzi, wa mtoto aliyechomwa na mwiba. Mguu wa mke hashiki. Lakini nilikwenda nikaushika. Nilikuwa namweka Theresia kwenye kigoda mlangoni, upande jua linakoshukia ili mwanga uingie vizuri, mguu wake juu ya goti langu. Siku za mwanzo alikuwa anajifunika uso kwa kanga kwa kucheka.

"Baba Martha, unatafuta nini huko chini? Almasi?"

"Natafuta adui."

"Haya, hesabu watu wako."

Nikawa nahesabu vidole kwa sauti kama mgambo anayehesabu watu mkutanoni. Mwisho nasema, "Kumi wote wapo, hakuna aliyetoroka." Ndio ukawa wimbo wetu wa jioni. Wanaume waliposikia, walinicheka kilabuni mpaka povu la pombe likawatoka puani. "Alute ameolewa!" "Alute kwake kila siku ni Alhamisi Kuu, anaosha miguu kama Yesu!" Nikawaambia, Yesu aliosha ya watu kumi na wawili na mmoja wao alikuwa mwizi, mimi naosha ya mtu mmoja mwaminifu, nani kafaidi?

Viatu nilimtengenezea mwenyewe. Katambuga za kawaida Sista alizikataa, alisema zinaacha vidole nje. Nikachukua soli ya tairi, juu nikaweka ngozi ya maksai niliyoilainisha kwa mafuta, ndani nikatandika kipande cha blanketi. Msumari sikutia hata mmoja, maana msumari hupanda. Nilishona kwa ukanda. Vilikuwa vibaya kwa sura, wanawake wakaviita viatu vya tembo, lakini kwa miaka mitatu mke wangu hakupata hata mchubuko. Miaka mitatu! Andikeni hiyo kwenye kitabu chenu.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni, tukaambiwa tuhame tukakae pamoja kijiji kipya kule barabara ya Ihanja. Nyumba yetu ya tembe ikaezuliwa mchana, mimi naangalia. Ng'ombe wakahamishwa. Zizi likabaki tupu na ua wake wa miiba ukalala chini, ukazama kwenye samadi mvua ziliponyesha. Sitasema habari ya kuhama, kila mtu alihama. Nasema tu kwamba zizi lilibaki kule, na mlikumbuke.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atapita, na kijiji kiwe na ofisi ya tofali za kuchoma badala ya ile ya muda, kabla ya wiki sita. Mwenyekiti wetu, Ignas, akaitisha mkutano. Ignas nimemjua tangu anachunga mbuzi. Ni mtu hodari wa kusema, mikono yake haina sugu. Akasema wanaume watakata kuni za tanuru, wanawake watakanyaga udongo. Na udongo utachimbwa kwenye zizi la zamani la Alute, kwa sababu pale ni laini na maji ya bwawa yako karibu.

Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, pale si mahali pa kuchimba. Ule udongo ni samadi tupu, tofali lake litapasuka. Tena ua wangu wa mgunga umezama mlemle. Kuna miiba."

"Miiba ya mwaka jana imeshaoza, mzee."

"Mwiba wa mgunga hauozi, Ndugu Mwenyekiti. Wewe ulichunga mbuzi, unajua."

Watu wakacheka, naye akanuna. Ndilo kosa langu la kwanza, kumkumbusha mwenyekiti mbuzi.

Baada ya mkutano nikampelekea cheti cha Sista. Theresia alikipata siku tulipokwenda kuchukua vidonge, kimegongwa muhuri. Ignas akampa katibu wake akisome. Katibu huyo, Nathanaeli, alikuwa kijana aliyeletwa kutoka nje, suruali imepigwa pasi, hajui mti wa mgunga wala wa mkakaya. Akasoma: "Mgonjwa huyu asitembee peku kwa hali yoyote."

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia," Ignas akajibu. "Hakijasema asikanyage udongo. Kimesema asiwe peku. Basi avae viatu vyake, akanyage."

"Nani anakanyaga udongo na viatu? Umeona wapi?"

"Hilo ni lenu na huyo Sista. Sisi tunafuata cheti."

Tazama hapo. Sista hakuzaliwa kwetu. Angejuaje kwamba kuna watu watamwingiza mgonjwa kwenye shimo la matope? Aliandika neno moja la maana, na wao wakalishika kama mtu anavyomshika kuku mguu, wakalining'iniza kichwa chini.

Nikasema nitakanyaga mimi badala yake. Asubuhi ya zamu yake, nikampa chai isiyo na sukari, nikamwambia akae nyumbani, nikaenda shimoni nikakunja suruali. Wanawake waliponiona wakapiga vigelegele. Jirani yetu Selina, mjane ambaye mdomo wake haujui likizo, akaita, "Jamani, leo tumepata mke mwenzetu mwenye ndevu! Shemeji, jifunge kanga basi!" Nikacheka nao. Nikaingia. Udongo ulikuwa baridi, na hatua ya nne tu kitu kikanichoma kando ya kidole. Nikainua mguu nikachomoa mwiba, mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Nikamwonyesha kila mtu.

"Umeoza huu?" nikauliza. "Mbona haujaoza?"

Ndipo Ignas akatokea na Nathanaeli. "Mzee Alute, wewe uko zamu ya kuni."

"Kuni nitakata mchana. Sasa nakanyaga zamu ya mke wangu."

"Kila mtu na zamu yake. Tukianza kubadilishana, kesho mzee atataka kunyonyesha." Watu wakacheka. "Toka shimoni. Katibu, nenda kamlete mama."

Hapo ndipo nilipokosea, na nitaliandika. Ningetoka kimya. Ningepiga goti, ningemwita mheshimiwa. Badala yake nilisema mbele ya wanawake wote kwamba mwenyekiti anayejenga ofisi kwa miguu ya wagonjwa si mwenyekiti, ni kupe. Kupe! Selina mwenyewe akaziba mdomo.

Mgambo Laurenti akanishika mkono nikiwa na matope mpaka magotini. Nikafungiwa kwenye ghala la mbolea, siku nne, kosa langu kupinga maendeleo.

Yaliyotokea shimoni siku hiyo sikuyaona, niliambiwa na Selina. Theresia aliletwa amevaa viatu vyake vya tembo. Akaingia. Udongo ukavishika viatu, akivuta mguu unatoka kiatu kinabaki. Akawa anainama kukichomoa, anavaa na matope yake, anakanyaga, kinabaki tena. Wanawake wakawa wanamngoja, mstari ukaharibika. Nathanaeli aliyekuwa juu ya ukingo akapiga kelele.

"Wewe mama, vua hivyo viatu! Vinaleta mawe kwenye udongo."

"Mwanangu, nina cheti."

"Cheti kiko ofisini. Hapa kuna udongo."

Selina anasema Theresia alisimama kidogo. Kisha akavua, akavipangusa kwa majani, akaviweka ukingoni vikiwa vimeelekeana kama ninavyoviweka mimi. Akakanyaga mpaka saa nane. Hakuna aliyemsikia akisema "ah". Wenzake walichomwa wakaruka, wakatukana mgunga na aliyeupanda. Yeye alikuwa anakanyaga na kuimba. Wakasema, huyu mama ana bahati, miiba inamkwepa.

Miiba inamkwepa!

Mimi ghalani nikawa nauliza kila asubuhi, "Nani ameangalia miguu ya mke wangu?" Laurenti anaangua kicheko. "Miguu ya mkeo ina nini, mzee? Imepakwa dhahabu?" Nikamwambia nipeleke chini ya ulinzi, unifunge kamba, niangalie miguu tu, unirudishe. Akasema hana amri. Amri ya kunitia ndani alikuwa nayo. Ya kunitoa dakika kumi hakuna aliyeiandika.

Siku ya pili Selina aliniletea ugali. Nikamwambia kupitia tundu la mlango, "Shemeji, nakuomba kwa Mungu, mwangalie Theresia nyayo. Zote mbili. Chini, na katikati ya vidole."

Alirudi kesho yake. "Nimemuuliza. Anasema haiumi."

"Sikukwambia umuulize! Nilikwambia uangalie!"

"Alikataa, shemeji. Anasema mtu mzima hawezi kumwinulia jirani unyayo usoni, ni kumtukana. Anasema atakungoja wewe. Na kama haiumi, kuna nini?"

Sikumlaumu Selina. Mtu yeyote duniani akisikia "haiumi" hufurahi. Mimi tu, na mtawa mmoja, ndio tuliojua kwamba neno hilo kwa Theresia halina maana yoyote.

Siku ya tano mchana nikafunguliwa. Sikusalimia mtu. Nikamkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda chake, viatu vimesafishwa, beseni la maji liko tayari. Alikuwa ameosha miguu kila siku kama fundo linavyosema, amepaka mafuta ya nyonyo. Usafi! Waliotuandika hawajawahi kuosha miguu yao siku nne mfululizo. Lakini huwezi kuuona unyayo wako mwenyewe ukiwa na mwili wa mama wa miaka hamsini na macho yenye ukungu. Ndiyo maana Mungu aliweka watu wawili kwenye nyumba.

"Umekonda," akaniambia. "Walikupa kula?"

"Lete mguu."

Wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto niliujua kabla sijauinua, kwa joto. Ulikuwa umevimba mpaka kifundoni, ngozi inang'aa. Chini ya kidole gumba palikuwa na doa jeusi dogo kama mbegu ya mchicha. Nilipobonyeza pembeni, usaha ukatoka, na harufu.

Yeye alikuwa anaangalia ng'ombe wanaopita. Akauliza kwa furaha, kwa kuwa siku nne hatukuimba wimbo wetu, "Haya, hesabu. Kumi wote wapo?"

"Wapo," nikasema. "Wote kumi."

Nikamwacha hapohapo nikakimbia ofisini kuomba trekta ya kijiji impeleke hospitali. Ignas akasema trekta inasomba mchanga wa ofisi, mgeni anakuja wiki ijayo. Na kutoka nje ya kijiji kunahitaji kibali.

"Basi nipe kibali."

"Kibali kinaandikwa siku ya kikao. Kikao ni keshokutwa. Mwiba tu, mzee? Nchi hii yote ina miiba. Chemsha maji ya chumvi."

Nilingoja kesho yake. Hilo nalo naliandika: nilingoja siku moja nzima nikidhani mtu mkubwa ataona aibu. Weusi ukapanda mguuni. Alfajiri iliyofuata nikaazima punda wawili wa Selina na mkokoteni, nikamlaza Theresia juu ya magunia, tukatoka bila kibali. Laurenti alituona. Akageuza uso pembeni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Namshukuru kwa hilo, na kwa hilo tu. Ihanja tukapata lori la vitunguu. Dereva hakuniuliza kibali, aliuangalia mguu akasema, "Panda, baba."

Njiani alikuwa na homa lakini anacheka. "Nikifika Sista atanigombeza?"

"Hatakugombeza wewe."

Daktari alisema mguu ukatwe juu ya goti, siku hiyohiyo. Ukakatwa. Theresia aliamka, akapapasa blanketi. Kisha akaniambia, "Baba Martha, kazi yako sasa imepungua nusu. Watano tu." Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye ukuta.

Siku ya sita baada ya kukatwa akafariki. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Sista Redempta ndiye aliyenipa mwiba. Waliutoa ndani ya nyama kabla ya kukata, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, mweusi, haujaoza. Aliutia kwenye boksi la kiberiti. Akaanza kusema, "Mzee, nilikwambia macho yako..."

"Macho yangu yalikuwa ghalani, Sista," nikamwambia.

Akakaa kwenye benchi kando yangu mpaka kengele yao ya sala ilipolia.

Ofisi ikaisha. Mgeni mwenyewe hakushuka. Gari lake lilipita barabarani na vumbi lake, akapunga mkono. Masika yalipoanza ukuta wa nyuma ukapasuka, maana samadi ni samadi. Na ndani ya ofisi hiyo ndimo nilimosomea kwamba mke wangu alikufa kwa kutojali.

Nikangoja mkutano wa kijiji. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikaweka mezani vitu viwili, kamba yenye mafundo saba na boksi la kiberiti.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba ule mstari wa marehemu ufutwe."

Ignas akatabasamu. "Mihtasari haifutwi, mzee. Hiyo ni kumbukumbu ya kijiji."

"Basi kumbukeni vizuri." Nikashika kamba nikataja fundo moja moja mbele ya watu, maji, kukausha, mafuta, kucha, moto, viatu. Miaka mitatu. Kilabu kizima kilinicheka, sasa walikuwa wameinamisha vichwa. Nilipofika fundo la saba nikafungua kiberiti. "Na hili nililishindwa siku nne. Ulizeni nilikuwa wapi."

Selina akainuka. "Mimi nilikuwa ubavuni pake shimoni. Katibu alimwambia avue viatu. Marehemu akasema ana cheti."

"Selina, hujapewa nafasi ya kusema," Ignas akakatiza.

"Nafasi nilipewa matopeni, Ndugu Mwenyekiti. Kule hamkuninyima."

Watu wakaguna. Nyuma mtu akasema "Kweli!", mwingine akasema tena. Nathanaeli alikuwa ameinama juu ya kitabu. Ignas akamnong'oneza. Akaandika kidogo, akasimama akasoma: "Marekebisho. Marehemu alichomwa na mwiba."

Watu wengine wakapiga makofi, wakidhani ndiyo imekwisha. Ignas akaniuliza, "Umeridhika, mzee?"

"Mwiba hauna miguu," nikasema. "Ulikuwa umelala kwenye zizi langu. Nani alimpeleka mke wangu kwake? Andika jina."

"Kikao kimefungwa," akasema Ignas.

Wamefunga wao. Mimi sijafunga. Kwa hiyo naandika kumbukumbu yangu, na mtu yeyote aliyesoma kisomo ataweza kuisoma.

Ignas alichagua zizi akiambiwa lina miiba, akakisoma cheti kwa namna ya kukikwepa, akanyima trekta na kibali. Nathanaeli aliamuru viatu vivuliwe. Laurenti alishika ufunguo. Alute, mume, alimtukana mwenyekiti siku ambayo kunyamaza kungemrudisha nyumbani jioni. Akangoja siku moja iliyokuwa haifai kungojwa. Akasema vidole kumi vipo huku anaona kimoja kinakufa. Na mgunga ule aliukata yeye Alute kwa shoka lake, mwaka aliozaliwa binti yetu Martha, akaupanga kuwa ua ili fisi wasiingie. Mwiba ulikuwa wa kwetu.

Nimesoma yote tena kutoka juu, kidole juu ya mistari, polepole. Makosa yamo mengi, yao na yangu. Kutojali miguu ya Theresia hakumo.